Barua kwa Mpwa Anayejifunza Kiini Macho

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako anaendelea vizuri na miguu, na kibanda changu cha kutengeneza saa bado kimesimama, ingawa siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu.

Mama yako amenipigia kulalamika. Anasema tangu mfunge shule unashinda mbele ya kioo ukificha sarafu viganjani, na mkoba wako umejaa rababendi, klipu na karata. Anaogopa umeingia kwenye uchawi, au kwamba utaishia stendi ukiwaibia wasafiri. Ametaka nikukanye. Sitakukanya. Nitakueleza namna ya kujifunza na mahali pa kusimama, kwa sababu mchezo huu ni mzuri kwa mwenye adabu na ni balaa kwa asiye nayo.

Kwanza, weka karata pembeni. Mkono wa karata huchukua miaka, na kijana anayeanza nazo hukimbilia kujionyesha kabla vidole havijamtii. Anza na vitu ambavyo kila nyumba inavyo na ambavyo mtazamaji anaweza kuvishika na kuvikagua. Ukitoa kisanduku chenye nyota na rangi za kung'aa, macho yote yatakwenda kwenye kisanduku. Ukiazima sarafu ya shangazi yako, hakuna atakayeishuku, maana ametoka nayo mwenyewe kwenye pochi yake.

Nakupa michezo mitatu, na nimeipanga makusudi.

Wa kwanza hujifanya wenyewe. Kunja noti mara mbili ili ukiitazama kwa juu ionekane kama herufi Z. Klipu moja ibane ncha ya mbele pamoja na tabaka la katikati. Ya pili ibane tabaka la katikati pamoja na ncha ya nyuma. Shika ncha zote mbili za noti, vuta taratibu, kisha malizia kwa mkupuo. Klipu zitaruka mezani zikiwa zimeshikana. Hapa kazi yote imefanywa na mkunjo. Yako ni kutulia na kuongea vizuri. Ndiyo maana nimeuweka mwanzo: utakufundisha kusimama mbele ya watu bila kutetemeka.

Wa pili siri yake imo katika maandalizi. Vaa rababendi kwenye kidole cha shahada na cha kati, kiganja kikikuelekea wewe. Ivute kwa mkono mwingine upande wako, kunja vidole vyote vinne na ncha zake uziingize ndani ya mpira, kisha uuachie. Walio mbele yako wanaona ngumi tu, na mpira uko kwenye vidole viwili kama walivyouona mwanzo. Fungua vidole kwa ghafla: mpira umehamia kidole cha pete na cha mwisho. Wewe uko nyuma ya pazia na wao wako mbele yake, kwa hiyo jifunze kujua kila mtu ameketi wapi. Mtoto aliyekaa ubavuni mwako anaweza kuona yote na kuyatangaza.

Wa tatu unadai jasho. Shika sarafu kwa ukingo, kati ya gumba na ncha za vidole vya mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uje kana kwamba unaichukua, gumba lake likipita nyuma ya sarafu na vidole vikiwa mbele. Vidole vikishaiziba, iachie idondoke kwenye kiganja cha kushoto, na mkono wa kulia uondoke ukiwa umefumbwa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mkono wenye sarafu hukakamaa, au jicho la mchezaji linauchungulia. Dawa yake ni hii: kabla ya kudanganya, ichukue sarafu kweli, tena na tena. Angalia bega linavyosogea, vidole vinavyofumba, na macho yanavyoufuata mkono ulioshika. Kisha danganya kwa mwendo uleule. Tumia na kamera ya simu, maana mbele ya kioo wachezaji wengi hupepesa macho pale pale siri inapotendeka, wakaificha hata kwao wenyewe.

Usidhani ushindi uko kwenye wepesi wa vidole. Mkono haulishindi jicho kwa mbio; hulishinda kwa kulipatia kazi nyingine. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walitoa matokeo ya jaribio ambalo watu walitazama video ya wachezaji wakipasiana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita, akasimama, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Hawakuwa wajinga wala vipofu, walikuwa wanahesabu. Kwa hiyo unapotaka kuficha jambo, uliza swali, mtazame mtu usoni, taja jina lake. Atakutazama nawe, na sekunde hiyo inakutosha.

Sasa adabu ya mchezo. Usitangaze kitakachotokea, maana ukisema sarafu itapotea watalinda mikono yote miwili. Usirudie mchezo uleule mbele ya watu walewale hata wakikubembeleza. Mara ya pili wanajua pa kutazama. Wala usitoe siri ili upendwe. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, alimwandikia rafiki yake Lucilius kwamba vikombe na kokoto vya wafanya kiini macho vilimfurahisha kwa kule kumdanganya, na kwamba akionyeshwa mbinu, hamu humwisha. Anayekuomba siri mara nyingi anaomba umwondolee furaha yake. Anayetaka kujifunza kweli utamjua: atakuja na sarafu yake na atakuwa tayari kukesha nayo.

Usimwaibishe mtazamaji. Mtoto mwenzako umtoe sarafu sikioni. Mzee wa watu usimguse sikio. Msibani usifanye kitu. Na mbele ya anayeona dini yake haimruhusu kutazama, weka vitu vyako mfukoni bila ubishi.

Nimefika penye uzito. Unakumbuka vikundi vya mazingaombwe vinavyopita mashuleni, watoto wakitoa kiingilio kidogo waone karatasi ikigeuka noti. Kila darasa huwa na mtoto mmoja anayeuliza: kama anajua kutengeneza noti, kiingilio cha nini? Mtoto huyo ana akili kuliko watu wazima wengi wanaopeleka akiba zao kwa matapeli wa kuzalisha pesa. Karata tatu za stendi ni hivyo hivyo. Mchezeshaji hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na anapotupa chini, wewe unaamini ametupa ya chini kumbe ametoa ya juu. Wale wanaoshinda mbele yako ni wapambe wake. Hata ukiijua mbinu hutashinda, maana ukigusa karata sahihi, mpambe mmoja ataweka dau kubwa zaidi kabla yako, au mtu atapiga kelele kwamba askari wanakuja. Mbinu ya mkono ni ileile unayoifanyia mazoezi. Tofauti ni kwamba mtazamaji wako amekubali kudanganywa na anarudi nyumbani na pesa yake. Ujanja mwingi, mbele giza.

Kuna na udanganyifu mwingine, wa kujidai una nguvu. Jean-Eugène Robert-Houdin wa Ufaransa alikuwa fundi saa kama mimi, na mwenyewe alisimulia kwamba aliagiza vitabu vya utengenezaji saa, akapewa kwa makosa vitabu vya kiini macho. Ndiye anayehesabiwa baba wa sanaa hii kwa namna inavyochezwa leo. Lakini mwaka 1856 serikali yake ilimtuma Algeria, nchi iliyokuwa inaitawala, akawaonyeshe wenyeji kwamba miujiza ya Wafaransa inapita ya viongozi wao wa dini. Aliweka jukwaani kisanduku ambacho kila mtu angeweza kukiinua, akamwambia mtu mwenye nguvu kwamba amemwondolea nguvu zake. Mtu yule akavuta asiweze, kwa kuwa chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Fundi mwenzangu namvulia kofia kwa ufundi wake. Kwa kazi ile simsifu: alichukua mchezo wa kufurahisha akautumia kuwatisha watu waliokuwa wanatawaliwa kwa mabavu.

Mwingereza Reginald Scot alipita njia nyingine. Mwaka 1584 alitoa kitabu, na humo akaeleza michezo ya vikombe, sarafu na karata inavyofanyika. Zama zile watu wa Ulaya walikuwa wananyongwa na kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi, naye alitaka wasomaji waone kwamba mengi yanayoitwa miujiza ni mikono na ulimi tu. Usiseme hayo ni ya zamani na ya mbali. Hapa kwetu, Kanda ya Ziwa, bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Katika nchi yenye majeraha hayo, kijana anayepoteza sarafu kisha akakaa kimya watu wakimwita mwenye mashetani anachezea shingo za wengine. Kwa hiyo kila unapomaliza, sema kwa sauti: huu ni mchezo wa mikono, nimejifunza. Siri usiitoe, lakini usimwachie mtu hata mmoja akiamini kuna jini. Hutapungukiwa na makofi.

Hayo ndiyo masharti yangu, na nimemweleza mama yako kwamba ukiyashika sina neno. Soma kwanza, mazoezi baadaye; dakika chache kila jioni zinatosha, na masomo yasishuke. Stendi usikanyage na karata. Usicheze kwa dau, hata la soda. Na mama yako asisikie habari zako kwa jirani: leo baada ya chakula cha usiku mwombe noti, mwonyeshe mchezo wa klipu, mwambie ni mkunjo tu, kisha umrudishie noti yake.

Wasalaam,

Mjomba wako