Tarehe Nayo Ina Bei Yake

Mtihani wa mkanda wa taekwondo humfikia mzazi kwa simu. Ni jioni, sufuria iko jikoni, na kwenye kundi la wazazi unaingia ujumbe wa mwalimu: mtihani ni Jumamosi ijayo, ada ilipwe kufikia Alhamisi, kila mtoto aje na kipande chake cha mbao cha kuvunja. Kuanzia dakika hiyo nyumba nzima inafanya mtihani, na mtoto aliyefanya mazoezi kwa miezi mitatu ndiye pekee aliyejiandaa.

Nina watoto wawili wanaojifunza mchezo huu hapa Meru, Kenya, na ndugu yangu ana wake kule Embu, kwa hiyo habari za mikanda huzungumzwa sana tukikutana. Sina ugomvi na ada yenyewe. Mwalimu analipia ukumbi, ananunua mikanda, anamgharamia mkaguzi anayetoka mbali, na yeye pia ana watoto wanaodaiwa karo. Aliyewahi kumwona akiwasahihisha watoto mmoja mmoja namna ya kukunja ngumi, Jumamosi baada ya Jumamosi, hawezi kusema anavuna asipopanda. Ninachokitafakari ni kitu kingine: pesa ileile huwa nyepesi au nzito kulingana na siku inayodaiwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ada ni shilingi 1,500 na mtihani huja kila baada ya miezi mitatu. Mtoto mmoja ni shilingi 6,000 kwa mwaka, wawili ni 12,000. Bado doboki, sare ya mchezo, maana ile ya mwaka jana imeshapanda juu ya vifundo vya miguu. Bado kinga ya kifua, kofia ya pambano na nauli. Katika klabu nyingi zinazofuata utaratibu wa Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, kuna ngazi kumi za mikanda ya rangi kabla ya mkanda mweusi. Mtoto asiyekwama popote atazimaliza kwa miaka miwili na nusu hivi, na wengi huchukua zaidi. Kwa hesabu yetu hiyo, ada za mitihani ni shilingi 15,000 kwa mtoto mmoja, ambazo zikigawanywa kwa miezi yote ni shilingi 500 kwa mwezi. Familia nyingi ninazozijua zinaweza kutoa 500 kwa mwezi. Lakini hakuna anayekuomba 500 kwa mwezi. Unaombwa 1,500, kesho kutwa.

Na huku kwetu pesa ina msimu. Mkulima wa chai anayepeleka majani Githongo, Kionyo au Imenti, au kule Embu Mungania na Rukuriri, hulipwa kidogo kila mwezi, halafu bonasi huja mnamo Oktoba. Kahawa ya msimu mkubwa huchumwa kati ya Oktoba na Desemba, na malipo ya ushirika hufika miezi kadhaa baadaye. Miraa ya Igembe na muguka, miraa ya majani ya Mbeere, huleta pesa mara kwa mara, lakini ni pesa inayoweza kukatwa na amri ya watu walio mbali. Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014. Somalia ilifunga soko lake Machi 2020, ikalifungua tena Julai 2022. Mei 2024 Mombasa ikapiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Tangazo la namna hiyo likitoka, cha kwanza kupunguzwa nyumbani ni kile kisicho karo wala unga, na mkanda wa mtoto umo humo.

Januari ndiyo ngumu kuliko miezi yote. Bonasi imekwisha, Krismasi imechukua kilichobaki, shule zinataka karo na sare, na kahawa haijalipwa. Januari moja mtihani ulitangazwa ghafla kama nilivyoeleza. Binti yangu, wakati huo akiwa na mkanda wa kijani, alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama, goti linaniuma. Huu mtihani wacha unipite."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Nililipapasa goti, sikuona uvimbe, nikampaka dawa ya kuchua akaenda kulala. Kesho yake alfajiri nilitoka kukamua, nikamkuta nyuma ya zizi akirusha mateke kwa mguu uleule, unyayo ukifika usawa wa kamba ya kuanikia nguo, hachechemei hata kidogo. Aliponiona alishusha mguu, akashika goti.

Alikuwa ametusikia usiku, mimi na baba yake, tukihesabu karo. Sikumgombeza. Nilimaliza kukamua nikawaza jinsi mtoto wa umri ule alivyochukua nidhamu yote aliyofundishwa ukumbini akaitumia kutufichia aibu. Baadaye tulimketisha tukamwambia ukweli: pesa za mtihani huu hazipo, za Aprili zitakuwepo. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Aprili tarehe ngapi?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu tarehe ya Aprili haikuwa imetangazwa.

Swali hilo halijaniondoka. Niliona wazi siku ile kwamba mtoto anaweza kusubiri, tena kwa uvumilivu kuliko watu wazima, mradi ana mahali pa kutazama. Ukimwambia tarehe 12, atahesabu. Ukimwambia "tutaona", ataanza kutafuta uongo wa kuwasaidia wazazi wake.

Kupanda ngazi kwa malipo si jambo geni katika sehemu hizi. Mtu anayeingizwa katika Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, hutoa mnyama na chakula kwa wazee waliomtangulia. Waembu nao walikuwa na ngazi zao za kiama, baraza lao la wazee, na mbuzi ndiye aliyefungua mlango. Hakuna mzee aliyelalamika kwamba heshima inauzwa. Bei ilijulikana tangu ujana, mwenye nia alikuwa na miaka ya kufuga, na mnyama aliyetolewa aliliwa na watu pamoja. Hakuna aliyeamshwa asubuhi akaambiwa alete fahali kufikia Alhamisi.

Hata chimbuko la ngazi katika michezo hii lina nia njema. Kano Jigoro wa Japani alianzisha judo mwaka 1882, na mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wake wawili dan ya kwanza, yaani daraja la kwanza la waliobobea. Mikanda ya rangi nyingi ilishika kasi baadaye huko Ulaya, ili mwanafunzi asingoje miaka bila kuona hatua aliyopiga. Rangi ziliwekwa kumtia moyo anayeanza. Mtoto anayebaki na mkanda wa njano huku wenzake wakivaa kijani, kwa sababu tu mtihani uliangukia wiki ya karo, anaona rangi hizohizo zikimwambia jambo lingine kabisa.

Kadiri mkanda mweusi unavyokaribia, ndivyo hesabu inavyozidi kutatanisha. Mtoto wa chini ya miaka 15 hupewa ngazi ya pum badala ya dan, daraja la mkanda mweusi la wakubwa, na cheti cha Kukkiwon, kiwe cha pum au cha dan, hutoka Seoul, ada yake ikihesabiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2020 dola 100 zilikuwa kama shilingi 10,100. Januari 2024 zilikaribia 16,000, na kufikia mwisho wa mwaka huo zilikuwa zimeshuka hadi kama 12,900. Mzazi aliyeambiwa kiasi fulani akaanza kuweka akiba kwenye chama angeweza kufika siku ya kulipa akakuta pengo ambalo si mwalimu aliyelileta wala si yeye. Mambo kama haya yanahitaji kusemwa mapema, na kwa uwazi: hiki ni cha klabu, hiki ni cha mkaguzi, hiki kinakwenda Korea na kitapanda au kushuka na dola.

Lakini kuna jambo moja la Kukkiwon ninalolipenda sana. Kutoka dan ya kwanza hadi ya pili ni lazima mwaka mmoja upite, ya pili hadi ya tatu miaka miwili, ya tatu hadi ya nne mitatu. Muda huo haununuliki, na umeandikwa wazi. Mtoto wa Runyenjes kule Embu na mtoto wa Seoul wanausoma sawasawa.

Ratiba nayo ina mambo ambayo mtu wa mbali hawezi kuyaona. Jumamosi inaonekana siku nzuri kwa kila mtu, kumbe familia za Wasabato ziko kanisani na watoto wa Kiislamu wa mtaa wa Majengo wana madrasa asubuhi. Novemba ni mwezi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na nyumba yenye mtahiniwa haina nafasi ya kelele nyingine. Likizo ya Desemba ndiyo wakati ambao wavulana wengi wa Meru hutahiriwa na kukaa kando wiki kadhaa. Kijana aliye katika hali hiyo hawezi kurusha teke la aina yoyote, na familia yake tayari imebeba gharama ya sherehe. Mvua za masika zina amri yake pia: mwaka 2024 mafuriko yaliahirisha kufunguliwa kwa shule hadi tarehe 13 Mei, na kila kitu kilichopangwa kufuata muhula wa pili kikasogea.

Kisha kuna barabara. Mtihani ukifanyiwa Nairobi, mtoto wa Meru ana safari ya zaidi ya kilomita 200, na ili awe ukumbini saa mbili asubuhi lazima asafiri usiku au alale huko. Mzazi anayekumbuka daraja la Nithi kwenye barabara hiyo, Julai 2022, basi lilipotumbukia na watu zaidi ya 30 wakafariki, hampakii mtoto gari la usiku kwa sababu ya mkanda. Kwa hiyo analipia malazi. Gharama hiyo haimo kwenye ujumbe wa mwalimu, wala si kosa lake kwamba haimo, lakini mtihani ukifanyiwa Embu au Chuka siku ambayo mkaguzi anaweza kuja huku, wazazi ishirini wanaokoa pesa kwa nauli ya mtu mmoja.

Ndugu yangu amepata mwalimu wa namna ninayoitamani. Shule zikifunguliwa Januari, anabandika ukutani karatasi yenye tarehe za mwaka mzima na ada ya kila mkanda, kuanzia wa kwanza hadi mweusi. Mzazi hutuma kwa M-Pesa shilingi 50 au 100 wiki yoyote aliyo nazo, naye huandika kwenye daftari jina la mtoto na salio lake. Mtihani mkubwa wa mwaka ameuweka mwishoni mwa Oktoba, bonasi ikishaingia na kabla likizo ya Desemba haijaanza. Mtoto asiye tayari huambiwa wiki tatu kabla, yeye na mzazi wake, na pesa zake hubaki daftarini hadi mtihani unaofuata. Ndugu yangu alipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alimjibu: "Mzee, mzazi akijua tarehe hanikwepi. Akiniona sokoni ananisalimia."

Hiyo habari ya kumwambia mtoto mapema kwamba hayuko tayari naiona ni nzito kuliko zote. Mzazi akishalipa kwa taabu, akili yake inasema amenunua mkanda. Nimewasikia wazazi wakimwandama mwalimu nje ya ukumbi: mtoto ameshindwaje na nimelipa? Mwalimu aliyepokea ada ya mtoto huku akijua hatafaulu amejiweka pabaya. Akimfelisha, anaonekana mlafi, na akimpitisha, anawadanganya wote waliomo ukumbini, akiwemo yule mtoto, ambaye anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba pumse yake, ule mfululizo wa mapigo uliopangwa, ilipotea katikati. Ni afadhali neno la wiki tatu kabla. Na kama mtoto amejaribu kwa haki akashindwa, kumtoza ada kamili mara ya pili naona si sawa. Mbao mpya na nauli ya mkaguzi, hayo yanaeleweka.

Nyumbani tumeanza kuishi kana kwamba karatasi ile ya Embu ipo. Kila Jumatatu tunaweka kitu kwenye simu, kidogo tu, katika akaunti ambayo watoto wanaijua na salio lake wanaliona. Kijana wetu mkubwa anaingia tohara Desemba hii, kwa hiyo tumeshamwambia kwamba mkanda wake wa buluu utangoja muhula wa kwanza, na sababu anaijua. Dada yake anatangulia, na hilo limemchekesha sana. Mimi nimeandika barua kwa mwalimu wetu, kwa heshima, nikimwomba jambo moja: tarehe za mwaka ujao zitoke kabla shule hazijafungwa Oktoba, na kiasi cha kila mkanda kiandikwe kando ya tarehe yake. Wazazi wengine wanane wametia sahihi. Amesema tuketi naye wiki ijayo, na ameomba tumletee tarehe za bonasi na za mitihani ya shule ili apange nazo mbele yake.