Kibindo na Netsuke

Nguo zetu za asili nyingi hazina mfuko. Avaaye msuli au kikoi hukunja upindo kiunoni, na humo hufutika fedha au ugoro wake. Upindo huo ndio kibindo. Mfuko hushonwa na fundi, bali kibindo hufanywa na mvaaji mwenyewe, na avuapo nguo hakipo tena.

Wajapani walikuwa na shida hiyo hiyo. Kimono haina mfuko wa kushonwa (ingawa mikono yake mipana huweza kuchukua vitu vidogo), basi mwanamume wa zama za Edo, kati ya 1603 na 1868, alining'iniza kifuko cha tumbaku au kijisanduku cha dawa kwa kamba iliyopita nyuma ya mshipi wake. Ili kamba isichomoke, juu yake ilifungwa netsuke: kishikizo kidogo cha mti au pembe ya ndovu, chenye matundu mawili. Jina lina sehemu mbili, "ne", yaani mzizi, na "tsuke", kufungia. Wachongaji walikipa sura ya panya, mtawa au tunda, mradi kisiwe na ncha kali za kurarua nguo. Baadaye zilienea suti zenye mifuko, na sigara, na netsuke ikakosa kazi. Lakini ni kitu cha kushikika: wageni waliinunua, na leo imo katika majumba ya makumbusho pamoja na jina lake.

Kibindo hakina jumba la kukihifadhi ila kamusi na vinywa vyetu. Hapa Kinama, kaskazini ya Bujumbura, tuliliandika neno hilo ubaoni, na mwanafunzi mmoja akakisia kuwa ni kibanda kidogo. Tulipoonyesha kwa mikono, darasa zima likacheka: "Kumbe ni mufuko!" Hatukuridhika. Tuliwauliza mama muuza lengalenga huweka wapi fedha zake, nao wakajibu mara moja: hufunga noti katika ncha ya kitenge, akakaza fundo. Kitendo walikijua tangu utotoni. Jina ndilo hawakuwa nalo. Tukawapa pindo, fundo, kufutika.

Juma lililofuata mmoja alitunga sentensi: "Mama amefutika nauli kibindoni." Mwenzake akapinga kwamba mama huyo hufunga pindoni, wala hafutiki. Wakabishana hadi kengele ikalia, nasi hatukuwakatiza.