Tumbo Lisilo na Ugonjwa

Akina mama wenzetu, sisi wauguzi tumewazoea wanafunzi wanaoumwa tumbo mitihani inapokaribia. Kwa hiyo mwaka 2018, kijana wa kidato cha tatu hapa Tabora alipokuja zahanati mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, tulikaribia kumrudisha darasani. (Mambo mengine tumeyabadilisha ili asitambulike.) Damu, choo na mkojo tulishapima, hatukuona kitu. Lakini alikuwa amekonda, na usiku hapati usingizi.

"Sista, nikikueleza utamwambia mama?"

Mama yake tunaimba naye kwaya. Tukamwahidi kunyamaza. Ndipo akasema, macho sakafuni, kwamba tangu darasa la saba moyo wake huvutwa na wavulana wenzake. Alikuwa amefunga na kuomba. Alijaribu hata kumwandikia barua binti mmoja, akaishia kumwonea huruma yule binti.

Hapa tukiri kosa letu. Neno la kwanza kututoka lilikuwa, "Nani amekufundisha?" Kijana akainuka, akaondoka bila kuaga.

Wiki tatu hakuonekana. Ni katika siku hizo hizo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, na redio za madukani zikawa hazina habari nyingine. Baadaye Serikali ilieleza kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi, lakini nani alimfikishia mtoto huyu maelezo hayo? Usiku tulikuwa tukiwaza sumu ya panya inavyouzwa ovyo sokoni.

Jumamosi moja tukamkuta njia ya Kwihara, ameketi chini ya mwembe. Hiyo ndiyo njia ya misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wazee husema miembe yake iliota kutokana na kokwa walizotupa wapagazi. Tukaketi, tukamwomba radhi. Mtu mzima kumwomba radhi mtoto si jambo jepesi kwetu.

Alikaa kimya kitambo. "Wapagazi walibeba kilo 30, sista, lakini jioni walitua."

Tukamweleza tunayoyajua: kwamba hisia hizo hakuna anayemfundisha mtu, na kwamba Shirika la Afya Duniani liliziondoa katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Hatukumficha sheria. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, huadhibu tendo, hata kwa kifungo cha maisha. Anachohisi mtu moyoni hakimo.

"Basi nimwambie mama?"

Tulikwama. Mama yake ni mpole, lakini siku moja tukimenya viazi kwa ajili ya sherehe ya kanisa, alisema mtoto wa namna hiyo angemfukuza usiku huo huo. Wote tulicheka. Na sisi tulicheka.

Tukamwambia uamuzi ni wake, ila kwanza amalize shule, awe na pa kulala. Kila Jumamosi alikuja kwetu kunywa chai. Tumbo lilipoa polepole.

Alimaliza shule mwaka uliofuata. Sasa yuko kazini mbali, na hutupigia simu. Juzi, baada ya mazoezi ya kwaya, mama yake alituuliza kwa nini mwanawe humtafuta sista kuliko mama mzazi. Tukamwuliza kama anaikumbuka siku ile ya viazi.

Hakuikumbuka.