Siku 31 za Nadendla Bhaskara Rao

Ukiipitia orodha ya mawaziri viongozi wa Andhra Pradesh, jimbo la kusini mwa India, utakuta jina la N. T. Rama Rao, chini yake Nadendla Bhaskara Rao, halafu N. T. Rama Rao tena. Huyo wa katikati alikaa madarakani siku 31, kuanzia tarehe 16 Agosti hadi 16 Septemba 1984. Aliapa, akaunda baraza la mawaziri, akaondoka. Mvua za msimu mmoja tu.

Nilifika kwake kupitia sinema. Nilikuwa natafuta habari za Mayabazar, filamu ya Kitelugu ya mwaka 1957 ambamo Rama Rao anaigiza mungu Krishna, nikakutana na picha ya mwigizaji huyohuyo, mzee sasa, amevaa mavazi ya rangi ya zafarani, ameketi kwenye kiti cha magurudumu mjini Delhi. Krishna kwenye kiti cha magurudumu! Nani asingetaka kujua kilichotokea hapo katikati?

Kilichotokea ni hiki. Rama Rao, ambaye Wahindi wote humwita NTR, alikuwa amecheza filamu takribani 300. Aliigiza miungu mara nyingi mno hata watu wakawa wanatundika ukutani picha zake za Krishna na kuziheshimu kama za Krishna mwenyewe. Mwaka 1982 akaanzisha chama, Telugu Desam. Hoja yake ilikuwa moja na ilieleweka na kila mtu: Watelugu wanadharauliwa. Chama cha Congress cha Indira Gandhi kilikuwa kimewapa mawaziri viongozi wanne ndani ya miaka mitano, kama mtu anayebadilisha balbu, na mmoja wao alikuwa amekaripiwa hadharani na Rajiv Gandhi uwanja wa ndege wa Hyderabad. NTR akachukua gari la zamani, akaligeuza jukwaa, akazunguka nalo jimbo zima akiahidi mchele wa rupia mbili kwa kilo. Uchaguzi wa Januari 1983 akazoa viti takribani 200 kati ya 294. Chama chake kilikuwa na umri wa miezi tisa.

Bhaskara Rao alikuwa naye tangu mwanzo. Alikuwa mwanasiasa mzoefu aliyetoka Congress, mtu wa mipango na mafaili, na kwenye serikali mpya akapewa wizara ya fedha. Huwa najaribu kuitazama ile miezi kwa macho yake. Wewe ndiye unayejua siasa, umekisaidia chama kuzaliwa, lakini mikutanoni watu wanakuja kumwona Krishna. Simtetei. Nasema tu kwamba waandishi wengi wanaosimulia kisa hiki wanamfanya kikaragosi cha msaliti, na kikaragosi hakinifundishi kitu.

Katikati ya 1984 NTR alikwenda Marekani kufanyiwa upasuaji wa moyo. Alirudi Agosti, bado mgonjwa. Tarehe 15 India ikasherehekea uhuru wake. Tarehe 16 gavana wa jimbo, Ram Lal, akamfuta kazi.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana neno gavana linaweza kumpoteza msomaji wa Kenya. Gavana wa jimbo la India hachaguliwi na mtu. Anateuliwa na rais kwa ushauri wa serikali ya Delhi, kwa hiyo anafanana zaidi na mkuu wa mkoa wa Tanzania, mwenye ikulu na mlinzi mlangoni. Waziri kiongozi (Wazanzibari hawahitaji kuelezwa cheo hiki) ndiye mwenye serikali, lakini katiba inasema mawaziri wanakaa kwa ridhaa ya gavana. Mawaka yote yaliyotangulia watu walichukulia kwamba ridhaa hiyo maana yake ni wingi wa wabunge. Ila katiba haikusema wingi huo uhesabiwe wapi, wala na nani.

Ram Lal aliuhesabu mezani kwake. Bhaskara Rao alimwambia ana wabunge wa kutosha, gavana akaridhika. NTR akaomba siku mbili tu aitishe bunge, wabunge wasimame wahesabiwe. Akakataliwa. Halafu Bhaskara Rao, aliyedai wingi tayari anao, akapewa mwezi mzima wa kuuthibitisha. Kama mtu ana wabunge leo, wa nini huo mwezi? Jibu kila mmoja alilijua. Mwezi ni muda wa kutembelea watu usiku. Sisi Tanzania tuna msamiati wetu wa mambo haya, mbunge anaamka asubuhi anatangaza kwamba ameamua “kuunga mkono juhudi”, na hakuna anayeuliza zaidi. Wahindi wana wao, tangu mbunge mmoja wa Haryana alipohama chama mara tatu ndani ya siku chache mwaka 1967.

Kwa hiyo NTR akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote. Aliwafungia wabunge wake. Kwanza kwenye studio ya filamu ya familia yake mjini Hyderabad, baadaye wakavushwa hadi jimbo jirani la Karnataka, ambako waziri kiongozi Ramakrishna Hegde alikuwa wa chama cha upinzani na hangewakabidhi kwa mtu. Wakalishwa, wakalindwa. Mkwewe NTR, Chandrababu Naidu, kijana aliyekuwa amehamia chama hicho punde tu, alikuwa miongoni mwa walioshughulikia usafirishaji huo, na inaonekana alikuwa mwanafunzi makini.

Kabla ya hapo waliwapeleka Delhi. Wabunge zaidi ya 160 wakafika mbele ya Rais Zail Singh ili ahesabu vichwa mwenyewe, na mbele yao NTR kwenye kile kiti cha magurudumu. Ile picha yangu. Mwigizaji wa miaka mingi hakuhitaji kuambiwa kiti kile kitasema nini magazetini. Alikuwa mgonjwa kweli, na alijua pia anatazamwa. Mimi sioni mgongano kati ya hayo mawili.

Nyumbani mitaa ilichafuka, watu wakapoteza maisha. Vyama vya upinzani vya nchi nzima, ambavyo kwa kawaida havikai meza moja, vikaungana nyuma ya NTR. Kabla Agosti haijaisha Ram Lal alikuwa ameondolewa, nafasi yake akapewa Shankar Dayal Sharma, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa India. Bunge lilipokutana Septemba lilikuwa vurugu tupu na kura haikupigwa. Bhaskara Rao hakuwahi kuonyesha wingi wake popote. Tarehe 16 NTR akarudishwa kwenye kiti chake.

Sheria zilikuja nyuma polepole. Mwaka 1985 ikapitishwa sheria ya kumnyima kiti mbunge anayehama chama. Mwaka 1994, katika kesi ya S. R. Bommai, waziri kiongozi wa Karnataka ambaye naye aliondolewa kwa hesabu za mezani, majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya nchi wakasema wingi wa serikali unapimwa ndani ya ukumbi wa bunge, si sebuleni kwa gavana. Miaka kumi, kwa jambo ambalo NTR aliliomba kwa siku mbili.

Ningependa kisa kiishie hapa, shujaa amerudi. Lakini fikiria walivyookolewa wapigakura wa Andhra: wawakilishi wao walifungiwa mahali wasikoweza kufikiwa, hata na wapigakura wenyewe. Ilikuwa lazima, nakubali. Ila anayejifunza kwamba mbunge ni mzigo wa kufichwa asije akanunuliwa hawezi tena kumwona kama kitu kingine. Agosti 1995, NTR akiwa ametoka kushinda uchaguzi kwa kishindo, wabunge wa Telugu Desam walifungiwa tena, safari hii katika hoteli ya Viceroy, Hyderabad. Aliyewafungia ni Chandrababu Naidu. Mzee akaja nje ya hoteli na lile gari lake la kampeni kuwasihi watoke. Alirushiwa ndala. Tarehe 1 Septemba mkwe akaapishwa, na Januari 1996 NTR akafariki.

Wingi ulikuwa wa Naidu kweli, ukihesabu. Hata ukumbini ungekuwa wake. Hapo ndipo ninapokwama kila mara, kwa sababu 1984 inanifanya niamini kuhesabu, na 1995 hesabu ni sahihi na bado inaniuma.

Mwaka 2019 zilitoka filamu kadhaa kuhusu mtu huyu. NTR: Mahanayakudu, ambayo mwanawe Balakrishna anaigiza kama baba yake, inasimulia mapinduzi ya Bhaskara Rao na ushindi dhidi yake. Lakshmi's NTR ya Ram Gopal Varma inasimulia mke wa pili, mkwe na anguko. Ndugu zangu wapenda filamu huniuliza waanze na ipi. Anzeni na ya mtoto. Mtazameni vizuri yule mkwe anayehangaika pembeni na wabunge, kisha siku hiyohiyo, kabla hamjalala, wekeni ya pili.