Ng'ombe Waliookoa Mbuzi Wangu

Nafuga mbuzi wa nyama wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wafugaji wenzangu wanaofukia mizoga na kuanza kuamini kwamba mbuzi hawalipi tena. Wanalipa. Kwangu walirudi kulipa nilipoingiza ng'ombe.

Mvua za mwishoni mwa 2019 hadi 2020 zilizidi kiasi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Huku kwetu, ambako ukame ndio adui tuliyemzoea, tuliona majani yamestawi tukamshukuru Mungu. Halafu mbuzi wakaanza kukonda katikati ya malisho. Manyoya yanasimama, uvimbe laini unatokeza chini ya taya, mnyama anabaki nyuma ya kundi, na asubuhi unamkuta amelala haamki. Majike wenye mimba na wanaonyonyesha ndio walioondoka kwanza. Kundi lile ndilo lililobeba ada za watoto na dawa za mama mkwe wangu, hivyo kila mzoga niliofukia nilijua ulikuwa wa kulipia nini. Nililia sana msimu ule.

Afisa mifugo alipofika, alianza na macho. Alivuta kope ya chini ya mbuzi mmoja mmoja akatuonyesha utando wa ndani: kwa mbuzi mwenye afya huwa mwekundu, kwa wangu ulikuwa mweupe kama karatasi. Minyoo ya tumboni ilikuwa imewanyonya damu. Mnyoo jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye unyevu, na viluwiluwi hupanda kwenye majani mafupi kungoja kuliwa. Dawa tuliyozoea kununua ilikuwa imeshindwa, maana minyoo iliyonusurika dawa hiyo mwaka hadi mwaka ndiyo iliyoendelea kuzaana.

Akatueleza jambo ambalo mimi, mtoto wa wafugaji, sikuwahi kulisikia: mnyoo yule wa mbuzi hastawi ndani ya ng'ombe aliyekomaa. Ng'ombe akila majani yenye viluwiluwi, vingi hufia tumboni mwake, na malisho yanasafishika. Tena ng'ombe na mbuzi hawagombanii chakula sana. Mbuzi akiachiwa hiari hupenda majani ya vichaka na miti, juu kabisa ya mahali mnyoo anapofika. Ng'ombe anataka nyasi. Kwenye eneo letu nyasi zilikuwa zinakomaa na kukauka bila mlaji, na mbuzi walikuwa wakilazimika kuzikwanyua chini, kwenye viluwiluwi.

Fedha ya kununua ng'ombe hatukuwa nayo. Nilikopa kwenye kikundi cha akiba na mikopo cha VICOBA, mume wangu akaongezea mauzo ya alizeti. Hapa ndipo mahesabu yalipotaka utulivu. Ng'ombe mmoja anaweza kunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, na lambo letu hupungua vibaya kuanzia Septemba. Kufuga ng'ombe mwaka mzima kungeua faida yote kwa maji na mashudu. Kwa hiyo tuliamua kununua madume waliokwisha kukomaa, waliokonda, mwishoni mwa kiangazi bei ikiwa chini, tuwalishe nyasi za mvua, kisha tuwauze wote kabla kiangazi kijacho hakijakaza. Miezi ya ng'ombe kuwepo ikawa ndiyo hiyo hiyo miezi ya minyoo.

Kila dume aliyetoka mnadani alitengwa kwanza, akaogeshwa dawa ya kupe, akachunguzwa midomo na kwato. Jambo hili nalisisitiza kwa nguvu zote: ugonjwa wa miguu na midomo huwapata mbuzi pia, na ng'ombe wa bei rahisi anaweza kukuletea msiba zizini. Eneo tuliligawa kwa miiba. Mbuzi wakitoka sehemu moja, ng'ombe wanaingia kufagia nyasi, na mbuzi hawarudi pale haraka. Asubuhi tunawasubirisha mbuzi mpaka umande ukauke. Dawa anapewa mwenye jicho jeupe tu. Kwa kupima macho ipo kadi ya rangi tano iliyotengenezwa na wataalamu wa Afrika Kusini, nami naiona ni zawadi kubwa kwa mfugaji mdogo.

Msimu wa kwanza vifo vilipungua, ingawa havikuisha. Wa pili, majike walizaa na kunyonyesha bila kuanguka. Madume waliponenepa, madalali walitufuata wenyewe. Mauzo yalirudisha mkopo na riba yake, yakabaki ya ada. Lakini nikihesabu kwa haki, sehemu kubwa ya faida ya ng'ombe haikutoka mnadani. Ilitoka kwa mbuzi ambao hawakufa, na watoto wao waliofika sikukuu wakiwa na uzito wa kuuzika.

Majirani wananihimiza niongeze ng'ombe, sasa kwa kuwa naweza. Nimekataa. Idadi yao naipanga kwa nyasi zinazowazidi mbuzi na kwa kina cha lambo, na mwaka ambao mvua ni haba nanunua wachache au sinunui kabisa. Fedha iliyobaki mwaka huu inakwenda kwenye uzio wa kudumu, maana miiba inaoza, na mbuzi wameshajua pa kupenya.