Barua kutoka Glasgow: Siku Tano kwenye Barabara ya Saa Nne

Glasgow ni mji ambao mwezi Juni jua lake halizami mpaka saa nne usiku. Barua ya safari hii inawahusu mume na mke, wazaliwa wa Tanga, walioishi hapa miaka tisa bila kujua kilichopo nyuma ya vilima wanavyoviona dirishani. Bwana ni dereva wa basi, zamu zake huanza alfajiri. Bibi ni muuguzi, na zamu zake nyingi ni za usiku. Zipo wiki ambazo hukutana mlangoni tu, mmoja akivua viatu na mwenzake akivaa. Mwaka huu likizo zao zilikutana, watoto wakapelekwa kwa shangazi yao, na bwana akatoa shauri waende Inverness, mji wa kaskazini.

Bibi alikubali kwa sharti moja. "Baba watoto, sitaki safari ya kuwahi. Miaka yote tunawahi."

Kutoka Glasgow hadi Inverness kwa barabara ya A82 ni kilomita 270 hivi. Gari lisilosimama njiani huzimaliza kwa takribani saa nne. Wao walizipa siku tano. Katika gari lao dogo walipakia themosi mbili za chai ya iliki, chapati zilizofungwa kwa taulo, sambusa, miswala miwili na makoti ya mvua. Usukani kwa bwana si taabu, maana huku nako magari hupita kushoto kama nyumbani. Taabu aliipata zamani katika leseni: ya Tanzania hutumika miezi 12 tu kwa mtu aliyehamia, kisha hana budi kufanya mtihani upya, wa maswali na wa barabarani. Alikuwa ameendesha malori kati ya Tanga na Dar es Salaam miaka sita, akakaa tena darasani na vijana wa miaka 17.

Siku ya kwanza hata kaskazini hawakuelekea. Walishika njia ya kusini-mashariki, mwendo wa nusu saa, hadi Blantyre, mji mdogo kando ya mto Clyde, alikozaliwa David Livingstone tarehe 19 Machi 1813. Jengo walimoishi wafanyakazi wa kiwanda cha pamba bado limesimama, na leo ni makumbusho. Familia 24 zilikaa humo, kila moja na chumba chake kimoja. Katika kimoja cha vyumba hivyo alilelewa Livingstone na ndugu zake. Alipofika miaka kumi alianza kazi kiwandani, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Bibi alisimama kitambo katika chumba kile. Shuleni Tanga alifundishwa habari za Livingstone mmisionari na mpelelezi. Habari za mtoto yule wa kiwandani hakuna aliyempa.

Makumbusho hayo yalifunguliwa upya mwaka 2021 baada ya matengenezo makubwa, na sasa Abdullah Susi na James Chuma wanapewa nafasi katika masimulizi. Hao ndio walioongoza msafara uliobeba mwili wa Livingstone baada ya kufa kwake kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Moyo wake waliuzika palepale chini ya mti. Mwili waliukausha, wakaufunga, wakaenda nao kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mamake bwana ni mtu wa Bagamoyo, na ule mnara wa misheni ulimolazwa mwili ule kabla ya kuvushwa Unguja bwana ameujua tangu utoto. Alikuwa hajawahi kuuona upande huu wa pili wa habari. Kwa maoni ya mwandishi wa barua hii, safari ya Susi na Chuma ilistahili kufundishwa Blantyre na Bagamoyo kwa uzito uleule, na ni vizuri kwamba Blantyre sasa wameanza.

Jioni walilala Luss, kijiji cha nyumba za mawe ukingoni mwa Loch Lomond, ziwa ambalo kwa eneo ni kubwa kuliko yote katika kisiwa cha Britania. "Loch" ni ziwa kwa Kigaeli, lugha ya kale ya milima hii, nayo hutamkwa kwa "kh" ya kooni, ileile inayomaliza neno "sheikh". Waingereza wengi huishia kusema "lok". Bibi alipolitaja jina la ziwa kwa ulimi wake wa Tanga, mama mwenye nyumba ya wageni aliacha kumimina chai akamuuliza amejifunzia wapi. Alijifunza chuoni, kwa mwalimu wa Kurani.

Usiku ule ndipo walipoona jinsi saa ya Kiswahili inavyopata shida katika nchi hizi. Kwetu jua likizama ni saa kumi na mbili, na saa moja ni saa moja ya usiku, haina mjadala. Luss waliswali Magharibi baada ya saa nne, wakakusanya na Isha kwa ruhusa ya msafiri, na walipotazama nje mbingu ilikuwa bado na weupe upande wa kaskazini.

Kutoka Tarbet barabara hujibana kati ya mwamba na maji. Malori ya magogo hupita hapo, na dereva wa taratibu ana adabu yake: ukiona magari yamejipanga nyuma yako, unaingia pembeni yapite, wengine wakikupungia mkono. Bwana aliingia pembeni mara nyingi. Kila aliposimama, themosi ilifunguliwa.

Baada ya Tyndrum nchi hubadilika ghafla. Nyika ya Rannoch ni kinamasi, vidimbwi vyeusi na mawe, pasipo nyumba wala shamba. Kisha mlima Buachaille Etive Mòr, maana yake Mchungaji Mkuu wa Etive, unasimama peke yake kama piramidi, na njia inateremka katika bonde la Glencoe. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Yalipokatika, usubi ukatoka, wadudu wadogo wasioonekana vizuri lakini wanaouma mpaka kichwani ndani ya nywele, na wageni wote wakakimbilia magarini.

Humo garini, madirisha yamefungwa, bwana alimsomea mkewe habari za bonde lile. Mwaka 1691 Mfalme William aliwataka wakuu wa koo za milimani waape utii kabla mwaka kwisha. Mkuu wa ukoo wa MacDonald wa Glencoe alikwenda kwanza Fort William, akaambiwa hapo si mahali pake, aende Inveraray. Theluji ikamchelewesha, akaapa Januari 6. Februari askari waliletwa Glencoe wakapewa malazi katika nyumba za wanakijiji. Walikula na kulala kwao karibu wiki mbili. Alfajiri ya tarehe 13 Februari 1692 waliwageukia wenyeji wao wakaua watu 38, na wengine, wanawake na watoto wakiwamo, walikufa kwa baridi walipokimbilia mlimani.

"Wamekula kwao," bibi alisema. Alirudia mara mbili. Sheria ya Uskoti ilikuwa na jina la kosa hilo, kuua mtu aliyekuamini, nalo lilihesabiwa baya kuliko kuua kwingine. Kwa watu waliolelewa pwani, ambako mgeni akishaonja chakula chako mna ahadi kati yenu, jambo hilo halikuhitaji mwanasheria wa kulieleza.

Fort William walipita chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Britania, mita 1,345. Kilimanjaro ni zaidi ya mara nne yake, lakini wingu lilikuwa limeufunika wote, kwa hiyo hawakuuona wa kuulinganisha. Walichokaa kukitazama nusu siku ni Ngazi ya Neptuno huko Banavie: vyumba vinane vya maji vilivyopangana, ambamo mashua hupandishwa mita 19 hivi kwa kufungwa lango moja na kufunguliwa jingine. Ni sehemu ya mfereji wa Caledonia, uliobuniwa na Thomas Telford na kuchimbwa kati ya 1803 na 1822, wa kuunganisha bahari ya magharibi na ya mashariki kwa kupitia maziwa.

Huko Invergarry, siku ya nne, ndiko walikokaa kimya zaidi. Bonde la Glengarry lilikuwa na watu wengi. Wenye ardhi walipoona kondoo wana faida kuliko wapangaji, kodi zilipandishwa, watu wakaondoka kwa makundi tangu karne ya 18, wengine wakihamia Kanada, ambako jimboni Ontario ipo wilaya iitwayo Glengarry hadi leo. Kigaeli kilizungumzwa huko kwa vizazi. Bibi alifikiria wanawe wawili, wanaomjibu Kiswahili chake kwa Kiingereza cha Glasgow, akasema wakirudi nyumbani kwao hakuna tena katuni wakati wa kula; watazungumza.

Loch Ness ni refu, jembamba na jeusi. Kina chake hufika mita 230, na maji yake ni mengi kuliko ya maziwa yote ya Uingereza na Welisi yakijumlishwa. Habari za dubwana lake zilivuma mwaka 1933, na picha mashuhuri ya 1934 ilikuja kukiriwa kuwa ya kughushi. Mwaka 2018 wanasayansi wakiongozwa na profesa Neil Gemmell wa New Zealand walichota maji ya ziwa na kutafuta vinasaba. Hawakukuta vya mnyama mtambaazi yeyote mkubwa; walichokuta kwa wingi ni mikunga. Bwana, aliyekulia kwa wavuvi, aliliona hilo kuwa jibu la maana.

Walimalizia Culloden, nje kidogo ya Inverness, ambako tarehe 16 Aprili 1746 wapiganaji wa milimani walishindwa vitani katika muda usiofika saa moja, na zaidi ya elfu moja wakafa. Baadaye sheria iliwakataza wanaume vazi lao la mirabamiraba, mpaka 1782. Mawe yenye majina ya koo yamesimama juu ya makaburi ya pamoja. Wote wawili walisoma majina hayo moja moja, kwa sauti.

Walirudi Glasgow kwa barabara ya A9, bila kulala njiani, maana Jumatatu zamu zilikuwa zinawasubiri. Msomaji mwenye mwana, dada au mjomba huku Uskoti, safari nyingine ukimpigia simu, mkishaulizana afya na kazi, muulize amefika wapi nje ya mji anaofanyia kazi. Akisema hajafika popote, mwambie barabara ya A82 ipo, na Juni mchana wake ni mrefu.