Viazi vya Aveyron na bili ya Nairobi

Wacha nianze na uongo wangu. Mwaka mzima baada ya kuacha chuo, kila rafiki akiniambia "Jumamosi tunachoma nyama, kuja," nilikuwa na jibu moja tu: niko kazini. Kazi gani? Hakukuwa na kazi. Nilikuwa nimelala kwa nyumba nikipiga hesabu. Soda moja, mbuzi kidogo, nauli ya kurudi, halafu bili ije igawanywe na mimi niangalie chini. Hivyo ndivyo nilipoteza marafiki, pole pole, bila kugombana na mtu.

Mnaonifuata mnajua siku hizi niko Ufaransa. Naishi na familia moja, kile wanaita au pair, yaani naangalia watoto wao na wao wananipa chumba, chakula na pesa kidogo ya matumizi. Wengi mkisikia Ufaransa mnaona Paris. Sahau. Mimi niko Aveyron, huku kusini, karibu na nyanda za juu za Aubrac. Baridi ni ya Kinangop, na nikitembea nakutana na ng'ombe wengi kuliko watu. Saa sita mchana duka linafungwa ndio mwenyewe aende akule. Jumapili usitafute basi.

Wiki yangu ya tatu, msichana anayeuza mikate akaniambia Ijumaa niende kwao, tutakula watu kama wanane. Ulimi ukatoa ule wimbo wa zamani: niko kazini. Akacheka. Kijiji kizima kinajua watoto ninaowaangalia wanalala saa mbili usiku! Basi nikamuuliza kwa uoga, tunachanga pesa ngapi? Hakuelewa. Nikarudia, nikidhani shida ni Kifaransa changu. Akaniambia nilete kitu nikitaka, hata mkate.

Nikaenda na mikate miwili. Mwingine alileta saladi ya shamba lao, mwingine chupa ya waini, mwingine pai ya matofaha. Hakuna aliyeangalia nani ameleta nini.

Chakula chenyewe kinaitwa aligot. Sasa mimi ni mtu wa Nyandarua, na nikachungulia sufuria nikaona nini? Waru! Vinachemshwa, vinapondwa kama vya mukimo, halafu vinatiwa siagi, krimu, kitunguu saumu na jibini changa wanayoiita tome. Kisha kazi inaanza. Unakoroga na mwiko ukiinua, unakoroga ukiinua, mpaka kitu chote kinavutika kama kamba. Mwenye nyumba akachoka mkono, nikamwambia leta hapa. Nimesonga ugali wa matanga mimi, hii ni nini? Walipiga makofi. Na nikagundua ilikuwa muda mrefu sana tangu niketi na watu kwa meza bila kuogopa mwisho wake.

Tulikaa masaa manne, bana. Makosa yangu yalikuwa kushiba mapema, kwa sababu nilidhani zile soseji kavu na vipande vya mkate ndio chakula. Kumbe hizo ni za kufungua mdomo. Ikaja aligot na soseji ya moto, ikaja saladi, zikaja jibini kwa ubao, ndio pai ikafuata. Mkate unauweka juu ya meza hivyo tu, si kwa sahani, na mchuzi ukibaki unaupangusa nao. Simu hakuna aliyetoa. Mimi wa kuposti kila kitu niliona aibu kutoa yangu, kwa hivyo hapana, hakuna video.

Katikati ya jibini, jamaa mmoja akaniuliza nasomea nini. Moyo ukaruka. Nikasema niliacha chuo, karo ilitushinda. Akasema yeye hata hakuenda, anakamua ng'ombe na babake, halafu akaniomba nimpitishie mkate. Stori ikaendelea. Miezi yote hiyo nilikuwa nimebeba hilo swali kama jiwe, na limeisha kwa kipande cha mkate.

Sisemi Wafaransa ni malaika. Kuna mzee hapa sijawahi kusikia akijibu bonjour yangu. Na si wao waliovumbua kukula pamoja. Mwaka wa 2010 UNESCO iliweka mlo wa Wafaransa kwa orodha ya turathi za binadamu, na kilichoingia pale si chakula fulani, ni ile desturi ya kuketi pamoja. Lakini shosho wangu alikuwa na hiyo desturi, na sijawahi kumsikia akimuuliza mgeni amechanga ngapi.

Ni sisi vijana tuliohamisha urafiki tukaupeleka mahali pa kulipia. Kwa kila grupu kuna mtu ambaye kila wikendi yuko kazini. Unamjua. Usimngoje apate doo. Mwite kwako, pika waru na sukuma, mwambie alete nyanya mbili.

Juzi nilimwandikia rafiki mmoja wa zile Jumamosi, nikamwambia ukweli kwamba sikuwa na kazi, sikuwa na pesa. Alikaa siku nzima bila kujibu. Halafu akaandika: "Hata mimi nilikuwa nakopa ndio nije."